WADUDU WAHARIBUO MBOGA, NA NAMNA YA KUWAPUNGUZA PASIPO KUJIDHURU

(Hotuba iliyosomwa na karani mmoja mbele ya wanachama wenzake, Sapiwi, Wilaya ya Bariadi)



Katibu aliponiandikia barua kunitaka niseme neno, nadhani alitumaini kwamba nitazungumza juu ya utunzaji wa majalada au juu ya mishahara, maana hayo ndiyo tuzungumzayo siku zote. Na makarani wakikutana watatu, wa nne wao ni mshahara. Lakini mimi nimechagua kusema juu ya nyanya. Naona baadhi yenu wamekwisha kucheka. Nawaombeni mnivumilie, kwa sababu katika chumba hiki hapana hata mmoja asiyekula mboga, na wengi wetu tuna bustani ndogo huko bondeni tuiendeayo baada ya saa za kazi, ili mshahara ufike mwisho wa mwezi bila kuchechemea.

Sina elimu ya ukulima zaidi ya ile tuliyoipata katika sekondari ya misheni, ambako kila mwanafunzi alikuwa na tuta lake la mchicha. Haya nitakayosema nimeyapata kwa njia tatu: kwa kuharibikiwa, kwa kuwauliza wanaojua, na kwa kusoma. Nikikosea, Bwana Shamba wetu ameketi pale nyuma, naye anisahihishe wala asinionee haya.

Mwaka 2021 nilikodi kipande cha ardhi kando ya mto wetu wa mchanga. Ninyi mnajua jinsi mito yetu ya huku Usukumani ilivyo: wakati wa kiangazi juu ni mchanga mkavu, lakini ukichimba kidogo wapata maji. Nilichimba kisima, nikapanda nyanya na kabichi, nazo zikastawi hata wapita njia wakawa wanasimama kutazama. Asubuhi moja nikaona majani ya nyanya yana mabaka meupe, kama karatasi iliyodondokewa na mafuta. Nilipoinua jani moja nikalitazama juani, nikaona kijiwavi kidogo ndani yake, kati ya ngozi ya juu na ngozi ya chini, kimelala kama mtu kati ya mashuka mawili, nacho chala. Hazikupita juma mbili matunda nayo yakawa yametobolewa karibu na kikonyo, na kila tundu likaanza kuoza.

Mzee mmoja jirani yangu wa shamba alipita akasema, "Bwana karani, huyo ni kantangaze. Usijisumbue, ng'oa upande dengu." Jina hilo, kama nilisikiavyo, asili yake ni "kanitangaze", yaani nenda ukaniseme, na kweli, mkulima aliyetembelewa naye hana budi kumtangaza kijiji kizima. Wataalamu humwita kwa Kilatini Tuta absoluta. Si mdudu wa kwetu. Kwao ni Marekani ya Kusini, ambako aliandikwa mara ya kwanza mwaka 1917 kwa wadudu waliokamatwa Peru. Mwaka 2006 alionekana Hispania, mwaka 2008 akawa amevuka bahari yuko Afrika ya Kaskazini, akashuka kwa njia ya Sudani na Ethiopia, na mwaka 2014 akaonekana Arusha. Kutoka Arusha hata kwetu hakuhitaji mabawa, alipanda lori. Bwana Shamba ndiye aliyenieleza jambo hili, nami naliona ni zito: mdudu huyu husafiri ndani ya nyanya zenyewe na katika nyufa za matenga. Kila tenga lifikalo mnadani likiwa na nyanya zilizotobolewa ni gari la abiria.

Mama wa mdudu huyu ni nondo mdogo wa kijivu atembeaye usiku, awezaye kutaga hata mayai 260. Toka yai hata nondo ni kama mwezi mmoja, na katika joto hupungua. Fanyeni hesabu wenyewe, ninyi mliozoea hesabu. Asipozuiwa, wataalamu wamepata kuona shamba zima likipotea, asibaki mche wa kuvuna.

Wala hakuja peke yake mahali pasipo wadudu. Mkoa wetu wa Simiyu, tangu ulipokatwa mwaka 2012 na hata kabla yake tulipokuwa chini ya Shinyanga, unajulikana kwa pamba, na pamba ina adui yake wa kale, funza wa vitumba. Nilidhani funza huyu ni mdudu wa pamba tu. Sivyo. Funza yule yule hula dengu, hula mahindi machanga, na hutoboa nyanya akaingia kichwa na kuacha mkia nje. Tazameni basi: pamba na mahindi wakati wa mvua, dengu mvua zikiisha, nyanya za umwagiliaji wakati wa kiangazi. Sisi tumemwandalia meza mwaka mzima bila siku ya kufunga.

Na hapo ndipo ninapofikia jambo lililonifanya niikubali barua ya Katibu.

Mimi sikumsikiliza yule mzee. Nilikwenda mnadani, nikamkuta mfanyabiashara anauza dawa, nikamwambia shida yangu. Akanitolea chupa ya soda iliyojaa maji ya rangi ya maziwa, akasema, "Hii ni ile kali ya pamba, inaua kila kitu." Nikauliza kipimo, akanionyesha kizibo. Chupa haikuwa na maandishi hata herufi moja. Mabwana, mimi ni karani. Naishi kwa kusoma karatasi. Mtu akiniletea ombi lisilo na tarehe wala sahihi, namrudisha. Lakini siku ile nilinunua sumu isiyo na jina, nikaipeleka nyumbani, nikainyunyiza kwa mikono mitupu. Na nilipoona viwavi hawafi, nikaongeza vizibo viwili, kisha vitatu, kila juma.

Mke wangu aliniuliza mara moja tu, "Hizi nasi tutakula?" Nikamjibu kwamba tutakula zile za mstari wa nyuma ya kisima, ambazo sikuzinyunyizia. Alinyamaza. Nilielewa baadaye kwa nini alinyamaza: zile za mistari mingine nilikuwa nikizipeleka mnadani siku mbili baada ya kunyunyiza, na waliozinunua ni nyinyi. Naam, baadhi yenu mliomo humu. Mmoja wenu alinisifu kwa nyanya zisizo na tundu.

Kisha mwanangu wa pili, ambaye wakati huo alikuwa na miaka minne, alinifuata shambani, akachuma nyanya mbivu kutoka mstari niliounyunyiza jana yake, akala. Usiku alitapika, mate yakamtoka mengi, akawa anatetemeka. Tulimpeleka zahanati juu ya pikipiki. Mganga aliuliza, "Amekula dawa gani?" nami sikuwa na jina la kumwambia. Sijapata kuona aibu kama ile. Mungu alimrehemu, mtoto akapona, na leo yuko darasani. Lakini tangu usiku ule nilianza kutafuta kujua, na mengine ya hotuba hii ni matunda ya kutafuta huko.

Jambo la kwanza nililojifunza ni kwamba sikuwa peke yangu katika ujinga. Wataalamu wa utafiti wa viuatilifu wa Arusha waliwauliza wakulima wa mboga wa kaskazini mwa nchi yetu, wakachapisha majibu yao mwaka 2007. Katika kila wakulima mia, 68 walisema wamepata kuugua baada ya kunyunyiza dawa. Karibu theluthi yao walikuwa wakichanganya dawa katika bomba moja kwa kubahatisha, na zaidi ya nusu walisema kiasi cha dawa watumiacho kinazidi kuongezeka.

Kwa nini kiongezeke? Mimi nilidhani dawa zimechakachuliwa, na labda nyingine ni kweli. Lakini sababu iliyo kubwa ni nyingine. Unyunyizapo, hufa wale wadudu walio dhaifu. Wachache wenye asili ya kuistahimili dawa husalia, wakaoana wao kwa wao, na watoto wao wote wakawa na asili ile. Ukirudia dawa ile ile mwaka mzima, umekuwa mfugaji, wachagua mbegu bora ya mdudu kama mtu achaguavyo fahali wa kundi lake. Huyu kantangaze alikuwa amekwisha kuzizoea dawa nyingi huko Marekani ya Kusini kabla hajatufikia. Tena hukaa ndani ya jani, dawa ikapita juu yake kama mvua juu ya paa la bati. Wanaokufa ni wale walio nje: buibui, nyuki, na wale wadudu wadogo wekundu wenye madoa meusi, ukubwa wa punje ya dengu, ambao kazi yao ni kula vidukari. Nilikuwa nikiwaua askari wangu na kuwaacha wezi.

Yafaa sasa niseme juu ya watu waliolichunguza jambo hili, kwa kuwa wengi wetu hatuwajui, ingawa wengine ni jirani zetu kabisa. Mwaka 1970 Mkenya mmoja, Profesa Thomas Odhiambo, aliyesoma Makerere na kisha Cambridge, alianzisha huko Nairobi kituo cha kuchunguza wadudu kiitwacho icipe. Kituo hicho kina tawi lake Mbita, kando ya Ziwa Viktoria, ziwa hili hili letu, na tawi hilo sasa limepewa jina lake. Fikra yake ilikuwa kwamba Afrika, ambayo wadudu huila mazao yake na kuambukiza watu wake, yapasa iwe na wataalamu wake wa wadudu, si kungoja wengine wamalize kuchunguza ya kwao ndipo wakumbuke yetu.

Njia mojawapo waifanyiayo kazi ni kumtafutia mdudu adui yake wa asili. Mdudu mgeni hutuletea hasara kubwa kwa kuwa amekuja bila adui zake. Wale waliokuwa wakimpunguza kwao wameachwa nyuma. Basi wataalamu huenda huko alikotoka, wakawatafuta, wakawachunguza kwa muda mrefu wasije wakadhuru kitu kingine, kisha wakawaleta. Wazee humu wanakumbuka habari za kidung'ata wa mihogo, aliyeonekana Kongo mwaka 1973 na kuenea karibu Afrika nzima ya mihogo. Mswisi mmoja, Hans Herren wa kituo cha utafiti cha Ibadan, pamoja na wenzake, walipata huko Paragwai nyigu mdogo atagaye mayai yake ndani ya kidung'ata. Wakaanza kumwachia mashambani mwaka 1981, na nyigu akafanya kazi ambayo mabomba ya dawa yasingaliweza. Mwaka 1995 Herren alipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia, naye wakati huo alikuwa amekwisha kuwa mkuu wa icipe.

Katika mboga, jambo lililonifurahisha zaidi ni la kabichi. Yule nondo mdogo wa kabichi, ambaye kiwavi chake ukikigusa hujirusha na kuning'inia kwa uzi, alikuwa amewashinda wakulima wa milimani. Mwaka 2002 icipe waliachia katika milima ya Taita na huko Limuru nyigu aitwaye Diadegma, aliyeletwa kutoka Taiwani, na baada ya misimu michache uharibifu ukapungua sana. Lakini nyigu huyo hupenda baridi. Kwa nchi zenye joto ilibidi kutafuta mwingine, aliyetolewa Afrika ya Kusini. Nalitaja hili kwa makusudi, kwa sababu sisi tumezoea kuchukua shauri lililofaa Lushoto au Arusha tukalileta Bariadi kama lilivyo, kisha likishindwa twasema utafiti ni maneno ya vitabuni.

Na huyu kantangaze je? Adui yake naye ametafutwa kwao: nyigu mwingine aliletwa na icipe kutoka Peru, akaachiwa Kenya na Uganda. Kwa upande wetu sisi wenye bustani, kazi yetu ni kumtayarishia nyumba asikute pamejaa sumu.

Nisije mkadhani kwamba maarifa haya yote ni ya kuletwa kwa ndege, nitataja chungu. Watu wa pwani na wa Unguja wanawajua wale chungu wekundu waitwao maji moto, wanaoshona majani ya miti kuwa nyumba. Tangu miaka ya 1940 na 1950 wachunguzi huko Unguja walikwisha kuona kwamba mnazi wenye maji moto hauharibiwi nazi zake na mdudu afyonzaye vitale. Baadaye wataalamu wa Naliendele, Mtwara, wakaendelea na jambo hilo katika mikorosho. Mkulima avumilia kuumwa kidogo wakati wa kuvuna, na korosho zake zapona. Hata hivyo maji moto nao wana adui, chungu wengine weusi-kahawia wa ardhini, na mahali walipo hao, maji moto hushindwa. Kwa hiyo hata chungu yataka umjue jirani yake.

Sasa nitasema yale niliyoyajaribu mwenyewe, pamoja na yale yaliyonishinda.

Nilinunua kwa wakala wa pembejeo chambo cha harufu. Hiki ni kidonge kidogo chenye harufu ya nondo jike, ambacho dume hukifuata kwa kudhani ameitwa. Nilikining'iniza juu ya beseni la maji yenye sabuni katikati ya nyanya, nami kila asubuhi kabla ya kwenda ofisini nikahesabu madume yaliyozama, nikaandika katika daftari, tarehe na idadi. Chambo hakikuwamaliza, wala msikubali kudanganywa na mtu asemaye kitawamaliza; jike lililokwisha kupata mume halina habari nacho. Faida yake ni kwamba kilinijulisha siku waliyofika na siku walizozidi, nikaacha kunyunyiza kwa kalenda. Katika msimu ule nilinyunyiza mara mbili tu, nami zamani nilikuwa nikinyunyiza kila juma.

Nilijaribu pia utupa. Mmea huu wazee wetu waliutumia kuvulia samaki, kwa kuuponda na kuutia majini. Katika utafiti uliofanywa hapa Tanzania katika mashamba ya maharage, uliochapishwa mwaka 2015, majani ya utupa, ya mtukutu na ya alizeti mwitu, yakikaushwa, yakasagwa, yakaloweshwa kilo moja kwa lita kumi za maji yenye sabuni kidogo, yalileta mavuno yaliyolingana na ya dawa ya dukani, na buibui na marafiki wengine wa mkulima wakabaki wengi zaidi. Mimi nilifanya hivyo kwa bidii, na vidukari wakaendelea kunywa maharage yangu kana kwamba nimewapikia chai. Nilikasirika, nikaandika katika daftari kwamba utupa ni hadithi. Baadaye nikasoma kwamba iko mimea ya utupa ya namna mbili, iliyofanana kwa macho. Namna moja ina ile sumu iuayo wadudu, na nyingine haina. Huko Malawi walikuta kama robo ya mimea iliyokuwa kwa wakulima ilikuwa ya namna hiyo isiyofaa. Nilitafuta mbegu kwa mtu mwingine, ambaye utupa wake ulijulikana kulevya samaki, na safari hii vidukari walianguka. Basi anayetaka mbegu aje kwangu, wala asichume popote. Naye akumbuke kwamba kiuacho samaki si kitu cha kuoshea bomba katika kisima. Dawa ya majani nayo ni dawa.

Kwa kantangaze utupa haukunisaidia sana, nasema kweli. Kilichonisaidia zaidi ni usafi, jambo lisilo na sifa wala bei. Nilichuma kila jani lenye mabaka na kila tunda lililotobolewa, nikayafunga katika mfuko wa nailoni mweusi, nikauacha juani siku kadhaa hata vyote vilivyomo vikafa kwa joto. Kuyatupa pembeni ya shamba ni kama kumfukuza mwizi kwa kumfungulia mlango wa chumba cha pili. Msimu uliofuata sikupanda nyanya mahali pale, wala bilinganya, wala nyanya chungu, wala viazi mviringo, wala mnavu, kwa kuwa hizo zote ni ndugu na mdudu huyu hukaa kwao. Nilipanda vitunguu, kisha maharage. Kitalu changu nikakifunika kwa chandarua cha matundu madogo, na miche nikaianza ikiwa safi.

Na dawa za dukani je, nimeziapia? La. Sitaki mtu atoke hapa akiseme kwamba karani amepiga marufuku dawa. Ipo siku shamba limezidiwa na dawa yahitajiwa. Lakini naitaka yenye jina, iliyosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, katika chupa yake mwenyewe. Sisi ndio watu wa kusoma katika vijiji vyetu, na kibandiko cha chupa ile ni waraka kama nyaraka nyingine. Tazameni utepe wa rangi chini yake: mwekundu ni sumu kali kabisa, wa manjano hufuata, kisha buluu, kisha kijani. Tazameni zao lililotajwa. Ikiwa imeandikwa pamba tu, hiyo si ya nyanya. Halafu tazameni siku za kungoja, yaani siku ambazo lazima zipite kati ya kunyunyiza na kuvuna. Ndizo nilizozivunja mimi. Na msirudie dawa ya jamii moja msimu baada ya msimu. Badilisheni jamii, si jina la duka.

Linabaki jambo moja, nalo ndilo gumu, kwa sababu halifanywi na mtu mmoja. Msimu wa pili wa daftari langu, hesabu ya madume katika beseni ilipanda ghafula katika juma moja, nami sikujua sababu. Nikazunguka. Nikakuta jirani wawili wa upande wa juu wamemaliza kuvuna, bei imeshuka, wameacha mashamba yao jinsi yalivyo, nyanya zimeoza juu ya miche, na nondo wanapaa kutoka humo kama moshi. Usafi wangu wote uliishia mpakani.

Katika ofisi zetu sote tumeandika matangazo ya kuwataka wakulima wang'oe na kuchoma mabua ya pamba baada ya mavuno. Wangapi kati yetu tunajua sababu yake? Mimi niliyachapa kwa miaka sita bila kujua. Sababu ni kwamba funza mwekundu wa pamba hulala ndani ya vitumba vikavu, akangoja msimu mwingine. Ni shauri la tangu wakati wa wakoloni, nalo lina maana. Lakini kwa kuwa lilitangazwa kama amri tupu, mama wa nyumbani aliye na uhaba wa kuni huona serikali yataka kumchomea kuni zake, akayaficha mabua nyuma ya nyumba. Nami simlaumu. Nasi tukiandika sheria ndogo ya kijiji kwamba kila shamba la nyanya lililokwisha kuvunwa ling'olewe ndani ya siku saba, bila kumwonyesha mtu kile kiwavi juani ndani ya jani, tutapata faini chache na chuki nyingi, na nondo watabaki.

Kwa hiyo ninaleta mbele ya mkutano huu maombi mawili, na Katibu ayaandike. La kwanza: sisi wanachama tulio na bustani katika bonde hili, ambao kwa hesabu yangu tu kumi na mmoja, tukubaliane tarehe moja ya kupanda na tarehe moja ya kung'oa, na kati yake pawe na miezi miwili isiyo na nyanya bondeni. Jirani zetu wasio makarani tuwaalike waje waone, kabla hatujamwomba Mtendaji aandike neno lolote. Bwana Shamba amekwisha kuniahidi kuja. Tutapoteza bei ya miezi hiyo miwili, sitaki kuwaficha. Mimi mwenyewe nimefanya hesabu ya kile nitakachokosa, na si kidogo kwa mtu mwenye watoto watatu shuleni. Mke wangu asema tutakula nsansa, kama mama zetu walivyokula.

La pili ni dogo. Beseni moja na chambo kimoja havitoshi bonde zima. Nayaomba mabeseni matano, na watu watano wa kuhesabu kila asubuhi. Nimelileta daftari langu, liko pale mezani karibu na taa. Kurasa za nyuma nimezichorea mistari, tarehe upande huu, idadi upande ule, na nafasi ya jina la mwenye kuhesabu. Jina langu nimekwisha kuliandika katika mstari wa kwanza. Kabla ya chai kuletwa, Bwana Mwenyekiti, naomba ruhusa lipitishwe kwa wanachama.